Barua ya wazi: neno la mwanamke linapotea njiani kabla ya kufika kwenye kumbukumbu za mahakama

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania, Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mkurugenzi wa Mashtaka, na Inspekta Jenerali wa Polisi.

Waheshimiwa,

Ninawasalimu kwa heshima kutoka Mwanza.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Ninaishi Kirumba, jirani na mwalo, na kazi yangu, inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ni kuwaelekeza watu wasioweza kumlipa wakili: waende ofisi gani, wabebe karatasi gani, wajiandae kwa safari ngapi za kwenda na kurudi mahakamani. Wengi ninaowasindikiza ni wanawake waliobakwa, au akina mama wa mabinti waliobakwa. Wanapoitwa kutoa ushahidi mimi hubaki nje, na ni sawa, kwa sababu sheria imeagiza kwamba ushahidi wa makosa ya kujamiiana upokelewe faraghani. Hukaa kwenye benchi nikiwa nimemshikia mkoba na mtoto wake. Miezi kadhaa baadaye, nakala ya mwenendo wa kesi inapotoka, ndipo ninaposoma kile kinachosemekana alikisema mle ndani, na mara nyingi sikitambui. Nimekaa na mwanamke huyo wiki nzima akinieleza yaliyompata, ninayajua maneno yake, na yaliyoandikwa pale si yake.

Nianze na sheria yenyewe, maana sitaki kuilaumu kwa kosa ambalo Bunge lilikwisha kulirekebisha. Kwa miaka mingi mahakama zetu zilifuata fikra iliyorithiwa kutoka Uingereza, ambako Jaji Matthew Hale aliandika katika karne ya 17 kwamba shutuma ya kubaka ni rahisi kuitoa na ni vigumu kuithibitisha. Kwa fikra hiyo, hakimu alitakiwa kujionya juu ya hatari ya kumtia mtu hatiani kwa neno la mwanamke pasipo ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, onyo ambalo hakutakiwa kujipa pale mwanamume alipokuja kulalamika kwamba ameibiwa ng'ombe. Waingereza wenyewe waliliondoa sharti hilo kwa sheria ya mwaka 1994. Nchini Kenya, Mahakama ya Rufani ilitamka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba sharti hilo, likiwalenga wanawake na wasichana, ni ubaguzi ambao katiba haiuruhusu. Sisi tulikuwa tumekwisha kuwatangulia Wakenya: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 iliingiza ndani ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kifungu ambacho wengi wetu tumezoea kukiita 127(6), kinachoiruhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mradi iridhike kwamba anachosema ni kweli tupu na iandike sababu za kuridhika kwake. Sheria hiyohiyo ilisema kwamba kuingiliwa hata kwa kiasi kidogo sana kunatosha, na kwamba mwanamke halazimiki kuwa na majeraha ili aaminiwe kuwa hakuridhia. Kisha Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Na. 94 ya mwaka 1999, ikaeleza kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa sharti utoke kwa aliyebakwa.

Ninajua pia kwamba Mahakama hiyo, katika Rufaa ya Jinai Na. 145 ya mwaka 2017, ilionya kwamba neno la mwathirika si Injili na ni lazima lipimwe. Ninaunga mkono onyo hilo kwa moyo wote. Adhabu ya chini ya kosa hili kwa mtu mzima ni miaka 30 jela, na mtoto aliyetendewa akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Hakuna anayestahili kumaliza ujana na uzee wake katika gereza la Butimba kwa neno ambalo halikupimwa. Tatizo langu ni kwamba neno la mwanamke, ambalo sheria imelipa uzito mkubwa kiasi hicho, mara nyingi halifiki kwenye mizani likiwa zima.

Tazameni kwanza suala la lugha, ambalo nimelishuhudia kuliko mengine yote.

Kosa la kubaka halithibitiki mpaka ielezwe kwamba palikuwa na kuingiliwa. Mwanamke anayetoka kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, huzungumza Kikara nyumbani, Kisukuma anapouza dagaa, na Kiswahili anapokutana na serikali. Katika lugha hizo zote amelelewa asiyataje maungo mbele ya watu wa rika la baba yake, na mahakamani hakimu, karani, mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi wanaweza wote kuwa wanaume wa rika hilo. Basi anasema alivyofundishwa kusema: alinifanyia kitu kibaya, alinifanyia unyama, alinimaliza. Kwa yeyote aliyelelewa kandokando ya ziwa hili, maneno hayo hayana utata. Kwa wakili wa rufani anayesoma karatasi miaka mitatu baadaye, "kitu kibaya" kinaweza kuwa kofi.

Hata anapojaribu kusema waziwazi, Kiswahili chetu cha adabu kinamgeuka. Neno tunalolipa heshima ni "tendo la ndoa", na nimesoma mwenendo wa kesi ambamo binti aliyekamatwa njiani usiku na mtu asiyemfahamu ameandikwa akisema kwamba mtu huyo alifanya naye tendo la ndoa. Neno jingine la adabu ni "kukutana kimwili". Jingine ni "kujamiiana", lililomo hata katika jina la sheria yetu ya mwaka 1998. Yaangalieni hayo mawili ya mwisho kwa jicho la sarufi: yamejengwa kwa kauli ya kutendana, yaani yanahitaji watenzi wawili, kila mmoja akimtendea mwenzake. Mwanamke anayetaka kueleza jambo alilotendewa bila ridhaa hukabidhiwa kitenzi ambacho ndani yake mna ridhaa. Na anapoulizwa maswali ya dodoso, wakili wa utetezi, ambaye kazi yake ni kutafuta ufa, huushika palepale: umesema mlikutana kimwili, mlikutana wapi, mlipangaje? Kitenzi chenye mtenda mmoja tunacho. "Aliniingilia" linajitosheleza, lina mtenda na mtendewa, na si tusi. Lakini hakuna anayemwambia shahidi kwamba anaruhusiwa kulitumia, na akinyamaza kwa aibu, mara nyingi hakuna anayemuuliza swali la pili.

Kisha kuna kalamu ya mwandishi. Kwa miongo mingi shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza, na katika kuvuka huko "alinifanyia unyama" likageuka ama maneno ya kitabuni ambayo mwanamke huyo hajapata kuyasikia, ama tafsiri ya neno kwa neno isiyothibitisha lolote. Ikiwa la kwanza, atadodoswa juu ya maneno asiyoyatambua. Ikiwa la pili, hukumu inaweza kuanguka katika rufani. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yalitufurahisha sana sisi wa Kanda ya Ziwa, hasa kwa kuwa Mheshimiwa Zephrine Galeba alikuwa amekwisha kuandika hukumu kwa Kiswahili alipokuwa Jaji wa Mahakama Kuu Musoma, hapo hapo ng'ambo ya Ghuba ya Speke. Hata hivyo sheria imeacha nafasi ya Kiingereza kutumika pale haki inapohitaji, na kuhusu mkalimani wa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kikara hali imebaki kama ilivyokuwa. Nimeona mkalimani akichukuliwa kutoka miongoni mwa watu waliokuja mahakamani kwa shughuli zao wenyewe. Mara moja alikuwa mtu wa kijiji kimoja na mshtakiwa. Mlalamikaji alipomwona akiapishwa alifupisha ushahidi wake, na ninamwelewa.

Kwa upande wa maneno, Mahakama ya Rufani imekwisha kuonyesha njia. Katika maamuzi kadhaa, likiwemo lile la Rufaa ya Jinai Na. 277 ya mwaka 2016, imesema kwamba maana ya kuingiliwa itazamwe pamoja na mila, malezi, imani ya dini, umri wa shahidi na watu wanaomsikiliza, na kwamba si kila shahidi atategemewa aeleze kwa uwazi wa kitabibu. Lakini yapo pia maamuzi yaliyotaka maelezo kamili, yakisema kwamba "alinibaka" peke yake halitoshi. Hakimu wa wilaya aliye na kesi nyingi mezani anafuata lipi? Mwendesha mashtaka anamwandaaje shahidi? Kwa sasa jibu linategemea umeangukia mikononi mwa nani.

Sasa niseme juu ya karatasi. Fomu ya polisi namba 3, ambayo kila mtu anaiita PF3, kwa mazoea ndiyo inayomfungulia aliyeumizwa mlango wa hospitali. Mwanamke wa mjini Nyamagana anaweza kuipata asubuhi na kufika hospitali ya Sekou Toure kabla ya adhuhuri. Mwanamke wa Irugwa au Ukara anasubiri kwanza mtumbwi au kivuko, na ziwa likichafuka anasubiri zaidi. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limewaokoa wa Sengerema na Geita, lakini wa visiwani bado wanahesabu siku kwa upepo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na athari za mwilini zinazoweza kuchukuliwa kama ushahidi hufifia katika saa hizo hizo. Anapofika siku ya nne, akiwa ameoga kwa sababu hakuna aliyemwambia asioge, daktari anaandika kwamba hakuna michubuko. Sheria inasema michubuko si lazima. Lakini nimesoma hukumu zaidi ya moja ambamo sentensi hiyo ya daktari imeachwa ikaning'inia kama shaka, pasipo hakimu kueleza safari iliyomchelewesha.

Ucheleweshaji wenyewe nao huhesabiwa dhidi yake. Ni kanuni ya siku nyingi kwamba shahidi aliyemtaja mhusika mapema anaaminika zaidi, na kwamba kuchelewa kusikoelezwa kunaitaka mahakama ijiulize. Naomba mtilie mkazo hayo maneno "kusikoelezwa". Huku kwetu kuchelewa kuna maelezo, na mengi si ya ziwa. Wazee wa pande mbili wanaitana, linatajwa fungu la fedha au ng'ombe, baba anashauriwa jambo limalizwe nyumbani, na binti anapelekwa kwa shangazi yake wilaya nyingine mpaka minong'ono itulie. Anapofika polisi mwezi umepita. Mwendesha mashtaka asipomuuliza kwa nini, naye hakujua kwamba alipaswa kueleza, kumbukumbu inabaki na kuchelewa kusikoelezwa, ingawa kijiji kizima kinajua sababu.

Juu ya kipimo cha bikira nitasema kwa kifupi, kwa sababu sayansi imekwisha kusema. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kitabibu na kikomeshwe. Kuandika kwenye PF3 ya mwanamke mwenye watoto watatu kwamba "bikira haipo" hakumsaidii hakimu kwa lolote na kunamdhalilisha aliyepimwa.

Hata PF3 iliyojazwa vizuri inaweza kupotea ikiwa mezani. Hati ikipokelewa kuwa kielelezo bila kusomwa kwa sauti mahakamani, au mshtakiwa asipoambiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe, Mahakama ya Rufani huiondoa kwenye kumbukumbu. Ninaelewa sababu: mshtakiwa lazima ajue anachotuhumiwa nacho. Lakini asiyeisoma ni mwendesha mashtaka, asiyemwarifu mshtakiwa ni hakimu, na anayepoteza ushahidi ni mwanamke ambaye wakati huo amekwisha kurudi kwake kulima mihogo.

Ndivyo ilivyo pia kwa watoto, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo mkubwa zaidi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kabla ya kuanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ni sharti jepesi na la huruma kuliko mahojiano marefu yaliyokuwepo kabla yake. Lakini ahadi hiyo ni lazima ionekane kwenye maandishi. Katika Rufaa ya Jinai Na. 168 ya mwaka 2018, iliyoamuliwa Bukoba, upande wa pili wa ziwa letu, ushahidi wa mtoto uliwekwa kando kwa sababu kumbukumbu haikuonyesha kwamba aliahidi, na Mahakama ikatumia nafasi hiyo kuwaelekeza mahakimu maswali mepesi ya kumuuliza mtoto kabla ya kumsikiliza. Mahakama hiyo baadaye imeonyesha kwamba kifungu cha 127(6) kinaweza kuuokoa ushahidi wa namna hiyo pale mtoto anapoonekana msema kweli, na ninashukuru. Bado wapo akina mama walioniuliza kwa nini mtu aliyefungwa ameonekana tena sokoni, na nikalazimika kuwaeleza kwamba hakuna aliyesema mtoto wao alidanganya, ila sentensi moja haikuandikwa siku ile. Niliwahi kumwona mama mmoja akirudia swali hilo mara tatu, akidhani mimi ndiye ninayekosea kueleza.

Ninafahamu kanuni kwamba kesi isisikilizwe upya ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake. Ni kanuni ya haki kwa mshtakiwa. Lakini Katiba, katika Ibara ya 107A, imezitaka mahakama zitende haki pasipo kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa kifungu tulichozoea kukiita 388, imesema hukumu isitenguliwe kwa dosari ambayo haikusababisha haki kukosekana. Mlalamikaji hana wakili wake katika kesi ya jinai. Yeye ni shahidi wa Jamhuri tu. Hawezi kusimama kumkumbusha hakimu kwamba ahadi haijaandikwa, wala kumnong'oneza mwendesha mashtaka amuulize mama umri wa mtoto, jambo ambalo nalo likisahaulika huangusha shtaka ambalo umri ndio msingi wake. Kumtwisha mzigo wa dosari ambazo hakuwa na uwezo wowote wa kuzizuia ni jambo ambalo sijawahi kuweza kulieleza kwa mama yeyote likaeleweka.

Kwa hiyo ninawaomba haya. Mheshimiwa Jaji Mkuu, toa mwongozo wa kiutendaji kwa mahakama zote unaoeleza kwamba ushahidi wa makosa haya uandikwe kwa maneno yaleyale ya shahidi, kwa Kiswahili, na anapotumia tafsida aulizwe kwa upole anamaanisha nini, na jibu lake liandikwe. Mwongozo huo uweke pia fomu iliyochapwa ya ahadi ya mtoto, yenye nafasi ya kila swali na kila jibu, ili usahaulifu wa asubuhi moja usivunje kesi ya miaka mitatu. Wakalimani wa lugha zetu waajiriwe na wafundishwe; Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha hapa Mwanza kingeweza kuwa mahali pa kuanzia.

Mheshimiwa Waziri, Wakenya waliweka katika Sheria yao ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 kifungu cha 34, kinachozuia mlalamikaji kuulizwa juu ya historia yake ya mahusiano isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama na kwa sababu maalumu. Sheria yetu ya Ushahidi inampa hakimu uwezo wa kuzuia maswali ya aibu na ya kudhalilisha, lakini uwezo huo hutumika kwa hiari yake, na hiari hutofautiana. Nimeshuhudia mwanamke anayeuza pombe ya kienyeji mwaloni akitoka chumbani analia kwa sababu aliulizwa ana watoto wa baba wangapi. Tunahitaji kizuizi kilichoandikwa. Na kwa kuwa mtakuwa mmeifungua Kanuni ya Adhabu, itazameni pia sehemu inayomwacha nje mke anayeishi na mumewe, ingawa hilo linastahili barua yake.

Mkurugenzi wa Mashtaka, waendesha mashtaka wako wapewe muda wa kukaa na shahidi kabla ya siku ya kesi. Wengi wa wanawake ninaowasindikiza humwona mwendesha mashtaka kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamesimama kizimbani. Inspekta Jenerali, toa amri iliyo wazi kwamba tiba inatangulia fomu, na kwamba vituo vya visiwani viwe na PF3 na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anayejua kumwambia mwanamke asioge na asifue nguo alizovaa.

Nina mwanamke mmoja ambaye zamu yake ya kutoa ushahidi inakaribia. Amevuka ziwa mara mbili, na mara zote mbili kesi iliahirishwa. Wiki iliyopita alikuja kwangu jioni, akakaa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaniuliza: "Dada, nikiingia mle ndani niseme neno gani?" Siwezi kumjibu. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwekea shahidi maneno mdomoni, na nikifanya hivyo nitaiharibu kesi yake kwa mkono wangu. Nilimwambia nitaliuliza swali lake kwa wanaoweza kulijibu.

Wenu katika utumishi,

Msaidizi wa kisheria,
Kirumba, Mwanza.